Mapitio ya Meshtastic kwenye mifereji ya Usangu: ripita nzuri ni ile inayojua kunyamaza

Meshtastic ni programu huria isiyolipiwa, inayowekwa kwenye vibao vidogo vya redio ya LoRa (redio inayofika mbali kwa umeme kidogo) ili vipokezane ujumbe kimoja hadi kingine bila laini ya simu wala bando. Mradi wenyewe ulianzishwa na Kevin Hester mwaka 2020, na wengi wanaoutumia duniani ni watu wanaotaka kuandikiana ujumbe mfupi wakiwa milimani au wakati wa dharura. Huku Usangu, mkoani Mbeya, umepewa kazi nyingine, ambayo ni kusoma kina cha maji kwenye mifereji ya umwagiliaji na kukifikisha kwa mgawa maji kabla hajafungua geti. Mapitio haya yanahusu kazi hiyo, na hasa swali ambalo ndilo linaloamua kama mtandao wa namna hii utafaa au hautafaa: vituo vinavyorudia ujumbe wa wengine, yaani ripita, vinazuiwaje visiharibiane mawimbi? Hukumu yangu, baada ya kuukagua mtandao wa skimu moja na kuurekebisha, ni kwamba programu hii ina nyenzo nzuri sana za kuvinyamazisha vituo, lakini mipangilio yake ya kuanzia haifai kwa nchi yenye ukingo wa mlima uliosimama juu ya tambarare, na anayeiacha ilivyo atakilaumu kifaa bure.

Anayeijua barabara kuu kati ya Igawa na Uyole ataielewa haraka jiografia ya tatizo. Kaskazini kuna bonde la Usangu, tambarare la mpunga lililo kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,000. Kusini, karibu kabisa na lami, ukingo wa milima ya Uporoto na Kipengere umepanda kama umekatwa kwa panga. Pale Chimala njia ya kwenda Matamba inauparamia ukingo huo kwa kona zilizoipa jina lake, Hamsini na Saba, na mtu akifika juu siku isiyo na ukungu anaiona Usangu imetandazwa chini ya miguu yake. Huko chini maji ni suala zito. Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya mito inayoshuka kutoka ukingo huu, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi katika sehemu zake za chini tangu miaka ya 1990, na kila skimu inatakiwa ijue inachukua kiasi gani pale kwenye banio, yaani mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni, na kinachobaki kinafika wapi. Ndiyo maana kipimo cha maji kinachotoa namba ya saa mbili zilizopita si kipimo, na ndiyo maana nalichukulia suala la mwingiliano wa mawimbi kwa uzito ambao huenda mtu wa kuandikiana ujumbe hataona sababu yake.

Kila muuzaji wa vifaa vya LoRa atakueleza habari ya umbali, na umbali wenyewe si uongo. Mbinu hii ilibuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, iliyonunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Kila alama ya ujumbe husambazwa kwenye upana wote wa chaneli kwa wimbi ambalo masafa yake hupanda au kushuka, na kwa sababu hiyo kipokezi kinaweza kuusoma ujumbe hata pale nguvu yake inapokuwa chini ya kelele iliyopo hewani. Kituo kilichoinuka mita 1,000 juu ya tambarare kina upeo wa redio wa takriban kilomita 130. Kwa hiyo ripita moja juu ya Hamsini na Saba inaisikia Usangu karibu yote, na hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa kuwa inaisikia Usangu karibu yote kwa wakati mmoja.

Kipimo kilichoko upande wa Igurusi na kilichoko mashariki zaidi ya Chimala havisikiani. Viko chini, juu ya nguzo fupi katikati ya mpunga, miti na mapaa ya bati. Kila kimoja husikiliza chaneli kabla ya kurusha, kikasikia kimya, kikarusha. Juu ya ukingo ujumbe wote wawili unafika pamoja, na ripita haiambulii hata mmoja, isipokuwa mmoja uwe umemzidi mwenzake kwa takriban desibeli 6, yaani nguvu mara nne, ambapo ule wenye nguvu hupona. Kusikiliza kabla ya kurusha hakusaidii kitu ikiwa unayepaswa kumsikia yuko nyuma ya upeo wako. Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walikumbana na hali hiyohiyo walipounganisha visiwa vyao kwa redio kupitia mtandao wa ALOHA mwaka 1971, na hesabu iliyotokana na kazi yao bado inatuhusu neno kwa neno: vituo vinavyorusha bila mpangilio kwenye chaneli moja haviwezi kufikisha zaidi ya asilimia 18.4 ya uwezo wa chaneli hiyo, na vikizidisha bidii kupita hapo, kinachofika kinapungua badala ya kuongezeka.

Mtandao niliokabidhiwa ulikuwa umewekwa na mafundi walioamini kwamba ripita nyingi ni usalama. Walipanda nne kwenye ukingo, zikionana waziwazi, zote zikiwa zimepewa jukumu linaloitwa ROUTER kwenye mipangilio, na huko chini kila kipimo nacho kikiwa na ruhusa ya kurudia ujumbe wa jirani zake. Nilipounganisha kompyuta kwenye kipokezi cha ofisini na kufungua kumbukumbu zake, niliona namba moja ya kina cha maji ikiingia, kisha ileile tena, kisha ileile tena, kila mara ikiwa imepitia njia nyingine, na kifaa kikiandika kila mara kwamba hii nimekwisha kuipokea na ninaitupa. Kwenye programu ya simu, kipimo cha matumizi ya chaneli kilikuwa kikivuka asilimia 25 asubuhi, wakati ambapo vifaa vyote vimeamka na watu nao wanaandikiana. Asilimia 25 si namba ya kupuuza, kwani hapo ndipo Meshtastic yenyewe huanza kuzuia baadhi ya taarifa zake za kawaida ili kupunguza msongamano. Mgawa maji wa banio la juu alilieleza tatizo lote kwa sentensi moja: "Fundi, namba hii ni ya saa mbili, na mimi geti nalifungua saa nne."

Sasa tuitazame programu yenyewe. Meshtastic haina ramani ya njia kwa ujumbe unaokwenda kwa wote. Kinachofanyika ni kwamba kila kituo kinachousikia ujumbe kwa mara ya kwanza kinajiandaa kuurudia. Kama ingeishia hapo, ingekuwa vurugu tupu. Waliobuni wameweka mambo mawili ambayo nayasifu bila kusita. La kwanza ni kwamba kituo hakirudii papo hapo. Kinasubiri muda wa kubahatisha, na urefu wa muda huo unategemea jinsi kilivyousikia ujumbe. Aliyeusikia kwa unyonge anahesabiwa kuwa yuko mbali na chanzo, hivyo anasubiri kidogo na kuurudia mapema ili ujumbe upige hatua ndefu. Aliyeusikia kwa nguvu anahesabiwa kuwa yuko karibu na anasubiri zaidi. La pili ni kwamba kituo cha kawaida, kinapokuwa bado kinasubiri, kikimsikia mwingine amekwisha kuurudia ujumbe ule, kinaufuta kwenye foleni na kunyamaza. Mambo haya mawili, kwenye eneo tambarare lenye vifaa vinavyosikiana, yanapunguza kelele kwa kiasi kikubwa bila mtu kugusa kitu.

Udhaifu uko kwenye dhana kwamba unyonge wa mawimbi ni umbali. Katika skimu hii kulikuwa na kifaa ndani ya ghala la mpunga, chini ya paa la bati na nyuma ya magunia, mwendo wa dakika chache kutoka kwenye mfereji mkuu. Kilipokuwa kikisikia kipimo cha jirani, kilisikia kwa unyonge mkubwa, si kwa sababu ya umbali bali kwa sababu ya bati. Programu ikakihesabu kuwa kiko mbali, kikapewa zamu ya mbele, kikaurudia ujumbe kabla ya vifaa vingine vya kawaida, na ujumbe huo haukutoka hata nje ya ua wa ghala kwa nguvu ya maana. Vifaa vya kawaida vilivyokuwa mahali pazuri zaidi, vilipousikia umerudiwa, vilifuta zamu zao kwa adabu. Kwa hiyo kifaa kilichokaa mahali pabaya kuliko vyote ndicho kilichokuwa kikiamua nani anyamaze. Jambo hili halionekani kwa kutazama ramani. Linaonekana kwa kutumia kipengele cha kufuatilia njia kilichomo kwenye programu ya simu, ambacho huonyesha ujumbe ulipitia kituo gani na kwa nguvu gani kila hatua. Kipengele hicho peke yake kinatosha kunifanya niipe Meshtastic alama za juu, maana mifumo mingine ya bei kubwa haikupi nafasi ya kuona makosa yako kwa uwazi huo.

Dawa ya ghala iko kwenye majukumu. Jukumu la CLIENT_MUTE linakifanya kifaa kitume ujumbe wake na kupokea wa wengine bila kurudia chochote, na kwa maoni yangu kila kipimo kilichoko bondeni, na kila kifaa kilichoko ndani ya nyumba, kinapaswa kuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Jukumu la CLIENT ndilo la kawaida, lenye adabu ya kunyamaza niliyoieleza. ROUTER ni kinyume chake: kinapewa zamu ya mapema na hakifuti zamu yake hata kikisikia mwingine amerudia. Kituo cha juu ya ukingo kinahitaji ukaidi huo, kwani vinginevyo kingenyamazishwa na kifaa chochote cha bondeni kilichowahi. Lakini ukaidi huo unafaa kwa kituo kimoja. Vikiwa vinne kwenye ukingo mmoja, vyote vina zamu ya mapema, vyote vinasubiri muda mfupi, na hakuna anayemwachia mwenzake. Vinapokosa kugongana, vinaimaliza chaneli kwa kusema jambo lilelile mara nne. Hapa ndipo ninapoilaumu programu kwa dhati: chaguo la ROUTER liko kwenye orodha sawa na mengine, na mtu anayesoma jina lake bila maelezo anadhani ni daraja la juu zaidi, kwa hiyo anakipa kila kifaa anachokithamini.

Jambo la pili la kubadili ni kasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye faida kubwa kuliko zote na ndipo wengi wanapoogopa kugusa. Mpangilio wa kuanzia unaitwa LongFast, wenye kigezo cha kusambaza cha 11 na chaneli yenye upana wa kilohezi 250. Kigezo hicho kikiwa kikubwa, ujumbe husikika mbali zaidi lakini hukaa hewani muda mrefu zaidi. Chukua ujumbe wa baiti 50, ambao unatosha kubeba kipimo kimoja cha maji pamoja na utambulisho wake. Kwa LongFast ujumbe huo unakaa hewani takriban milisekunde 640. Kwa MediumFast, yenye kigezo cha 9, unakaa takriban milisekunde 180. Kwa ShortFast, yenye kigezo cha 7, ni takriban milisekunde 53. Sasa tuseme kuna vipimo 40, kila kimoja kikituma mara moja kila dakika 15, na kila ujumbe ukirudiwa na ripita tatu. Kwa LongFast hizo ni sekunde 102 za kurusha ndani ya kila sekunde 900, yaani zaidi ya asilimia 11 ya muda wote, kabla hujahesabu taarifa za betri, utambulisho na ujumbe wa watu. Vipimo hivyohivyo kwa MediumFast, vikirudiwa na ripita moja tu, vinachukua sekunde 14 na ushei, ambazo ni asilimia 1.6. Kwa kadirio la hesabu ya ALOHA, hali ya kwanza inapoteza karibu ujumbe mmoja katika kila mitano, na hali ya pili inapoteza kama mitatu katika kila mia.

Watu huogopa kwamba kuhama kutoka LongFast kutapunguza umbali, na ni kweli kunapunguza: bajeti ya mawimbi, yaani kiasi cha nguvu kinachoweza kupotea njiani na ujumbe bado ukasomeka, inashuka kutoka desibeli 153 hadi 148. Ila desibeli 5 zina maana tofauti kulingana na mahali ulipo. Msituni Mufindi, katikati ya misonobari iliyolowa, desibeli 5 ni hasara ya kweli na ningefikiri mara mbili. Lakini kutoka bondeni Usangu kwenda juu ya ukingo hakuna kinachozuia, na upotevu wa mawimbi ya megahezi 869 kwenye anga wazi kwa kilomita 50 ni takriban desibeli 125. Ukitoa kwenye 148 unabakiwa na 23 za kufidia antena mbovu na miti ya kando ya mfereji. Mlima umekwisha kukupa umbali. Hakuna haja ya kuulipia tena kwa muda wa hewani. Jambo la kuzingatia ni kwamba vifaa vyote lazima vihamishwe, kwa kuwa kifaa chenye LongFast na kingine chenye MediumFast havielewani kabisa, na kilichosahaulika kwenye tuta la mbali kitaonekana kama kimekufa.

Idadi ya hatua ambazo ujumbe unaruhusiwa kurudiwa nayo inafaa kupunguzwa. Programu inaanza na 3 na inaruhusu hadi 7. Kwa mtandao ambao kila kipimo kinasikika moja kwa moja na ukingo, na ukingo unasikika na ofisi, hatua 1 inatosha. Nimeona watu wakiweka 7 kwa nia njema, wakidhani ni sawa na kuongeza nguvu ya mawimbi, kumbe wanawapa vituo vyote vya mbali ruhusa ya kuendelea kupiga kelele juu ya ujumbe ambao ulikwisha kufika.

Baada ya ripita tatu kati ya nne za ukingoni kuondolewa kwenye jukumu la kurudia, vipimo vya bondeni vyote kuwekwa CLIENT_MUTE, kasi kuhamishiwa MediumFast na hatua kupunguzwa, matumizi ya chaneli yalishuka hadi tarakimu moja na yakabaki hapo hata asubuhi. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa. Kilichofanyika ni kupunguza wasemaji, na kipimo cha banio la juu sasa kinaingia kila zamu yake inapofika.

Upande wa masafa kuna mipaka ambayo mnunuzi anapaswa kuijua mapema. Kifaa cha Meshtastic hakirushi chochote hadi umechagua eneo la masafa. Ukichagua eneo la EU_868, programu inatumia kipande cha megahezi 869.4 hadi 869.65, ambacho upana wake wote ni kilohezi 250. Kwa mipangilio yenye chaneli ya kilohezi 250, hapo inaingia chaneli moja tu, kwa hiyo wazo la kuitenga mitandao miwili kwa kuipa masafa tofauti halipo. Eneo la EU_433 lina megahezi nzima na linatoa nafasi nne za upana huo, lakini nguvu inayoruhusiwa kwenye programu inashuka hadi desibeli-miliwati 10 (miliwati 10) badala ya 27 (takriban miliwati 500), na vibao na antena zake ni vingine. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ndiyo yenye kauli kuhusu masafa na nguvu zinazokubalika nchini, na ushauri wangu ni kuuliza kwao kabla ya kuagiza mzigo, si baada ya mzigo kufika.

Kwa kuwa masafa hayawezi kutenganishwa, tulitumia mlima. Wakulima wa viazi wa upande wa Matamba nao walitaka vipimo vya unyevu wa udongo, na kosa rahisi lingekuwa kuweka ripita kwenye kilele inayoona pande zote mbili. Ripita ya upande wao iliwekwa nyuma ya ukingo, chini kidogo ya kilele, mahali ambapo mwamba wenyewe unaizuia isiione Usangu, na ile ya Usangu ikashushwa kidogo upande wa mbele ikiwa na antena inayoelekea bondeni. Inashangaza kumwambia mwenye mtandao kwamba antena yake ishuke, kwa sababu kila mtu amezoea kwamba juu zaidi ndiyo bora zaidi. Lakini ripita isiyosikia yasiyoihusu ndiyo inayopata nafasi ya kusikia yanayoihusu, na kwenye nyanda zetu hizi, kuanzia Rungwe hadi Njombe, ardhi imejaa kuta za namna hiyo ambazo hazigharimu chochote.

Kelele za wengine nazo zina sehemu yake. Vilele vyenye njia nzuri ya kufikika mara nyingi vina minara tayari, kama anavyoweza kuona yeyote anayeinua macho kuelekea Loleza akiwa Mbeya mjini. Minara ya simu hurusha kwenye masafa ya megahezi 925 hadi 960 na, kwa mitandao mingine, 791 hadi 821, yaani juu na chini ya 869 ambapo redio yetu ndogo inajaribu kusikia kunong'ona. Kibao cha bei nafuu kikiwekwa mita chache kutoka kwenye mnara huzibwa masikio hata kama hakuna anayerusha kwenye chaneli yake. Kuna vichujio vya chuma vinavyofungwa kati ya antena na redio ambavyo hupitisha kipande kimoja cha masafa na kuzuia mengine, na vinasaidia sana. Kuhama mita 200 kando ya ukingo kunasaidia vilevile, tena bila gharama.

Kuhusu vibao vyenyewe nitasema machache. Heltec LoRa 32 V3 ina kioo kidogo na Wi-Fi, na bei yake kutoka nje ni takriban dola 20 za Marekani kabla ya usafirishaji. Inafaa ofisini au mahali penye umeme. RAK4631, yenye kichakataji cha nRF52840, ina bei ya juu kidogo lakini hula umeme kidogo zaidi kwa mbali, na kwa kituo cha sola juu ya ukingo, ambako wakati wa masika ukungu unaweza kulikalia jua kwa siku kadhaa, sioni sababu ya kuchagua kingine. Vyote viwili vinatumia chipu ya redio ya SX1262. Kwa kina cha maji, programu inakitambua moja kwa moja kipimo cha sauti cha RCWL-9620, ambacho kinaning'inizwa juu ya mfereji na kupima umbali hadi kwenye uso wa maji.

Ni haki kuulinganisha mfumo huu na LoRaWAN, mfumo mwingine wa redio za LoRa ambao vifaa vyake hutuma kwa kituo kikuu, kwa kuwa nao una namna yake ya ripita tangu LoRa Alliance, muungano unaousimamia, ilipoitangaza mwaka 2022, na falsafa yake ni tofauti kabisa. Huko ripita hulala, ikizinduka kwa vipindi kusikiliza kama kuna kifaa kinachoiita. Kifaa huituma ishara ya kuiamsha, ripita ikajibu, ndipo ujumbe wenyewe unarushwa. Ripita moja inahudumia vifaa visivyozidi 16 ilivyosajiliwa navyo, na ripita haiwezi kupitisha ujumbe kwa ripita nyingine. Kwa mpangilio huo ujumbe mmoja haurudiwi ovyo na kila anayeusikia, na kila kipimo kinaweza kupangiwa kasi na nguvu yake na seva. Kwa mtazamo wa mwingiliano wa mawimbi pekee, muundo huo ni bora. Gharama yake ni kwamba unahitaji kituo kikuu chenye intaneti, seva, na mtu anayeielewa seva hiyo, na skimu iliyo mbali na mji mara nyingi haina hata kimoja kati ya hivyo. Meshtastic inaanza kufanya kazi ikiwa na vibao viwili na simu moja.

Kwa hiyo naipendekeza kwa skimu, kwa vyama vya wakulima wa chai na parachichi, na kwa yeyote mwenye vipimo makumi kadhaa vinavyotuma namba chache kwa saa, kwa masharti kwamba kuwe na kituo kimoja cha kurudia kwa kila bonde na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kukataa cha pili. Kwa vipimo mamia siipendekezi, hata kwa mipangilio mizuri. Wala siipendekezi kwa kufungua na kufunga geti la umeme au kuzima pampu, kwa kuwa amri iliyopotea hewani hapo ina madhara ambayo namba iliyopotea haina. Toleo la 2.6 la mwaka 2025 limeanza kuupitisha ujumbe wa mtu kwa mtu kwenye njia iliyokwisha kujulikana badala ya kuusambaza kote, na ni hatua nzuri, lakini bado ningemtaka mgawa maji awe pale kwenye banio na ufunguo wake mkononi. Kwa watengenezaji nina ombi moja: kituo cha ROUTER kinapomsikia ROUTER mwingine kwa nguvu kubwa, programu ya simu imwonye mwenye mtandao kwa maandishi makubwa kwamba kimoja kati ya hivyo hakihitajiki. Taarifa hiyo kifaa kinayo tayari.